Maneno Yaliyonifunga Mdomo Kidato cha Kwanza

Shule ya msingi nilikuwa napenda sayansi kuliko masomo yote. Mmeng'enyo wa chakula niliweza kuueleza kuanzia mdomoni hadi utumbo mwembamba bila kutazama daftari. Mwaka 2007 nikaingia kidato cha kwanza, shule ya kata wilayani Mpwapwa, nikawa bubu. Mwalimu wa Biolojia alifundisha jambo lile lile nililolijua, lakini kwa Kiingereza, nami sikulitambua.

Aliyesikika akizungumza Kiswahili alivishwa kibao shingoni. Tukanyamaza, tukanakili ubaoni na kukariri. Kwenye mtihani unamwaga ulichokariri hata kama swali limeuliza kingine. Baadhi ya wenzangu waliacha shule kabla ya kidato cha pili, na akili walikuwa nazo, naapa.

Mwalimu mmoja akaniazima Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 1990. Humo nikakuta kwamba yale maneno ya Kiingereza ya kutisha yana majina ya Kiswahili ninayoyajua. Nikatenga daftari: neno, maana yake, sentensi kutoka kwenye somo, na ndugu zake wote, "digest", "digestion", "digestive". Jioni nilimweleza mama somo zima kwa Kiswahili huku akichambua mchele. Mama aliishia darasa la nne. "Hapo sijaelewa, mwanangu. Rudia." Na kweli, pale alipokwama yeye ndipo mimi nilipokuwa nimekariri tu. Nilirudia mpaka aelewe, ndipo nikaandika kwa Kiingereza.

Tena maneno yaliyotuangusha zaidi hayakuwa ya sayansi. Yalikuwa vitenzi vya maswali: "state", "explain", "distinguish". Hakuna aliyetufundisha kwamba kutaja si kueleza, wala kueleza si kutofautisha. Nilivikusanya kutoka kwenye mitihani iliyopita, nikajifunza kila kimoja kinadai jibu la namna gani. Alama zangu zilianza kupanda hapo.

Leo nafundisha Biolojia. Walimu wenzangu wa kidato cha kwanza, nawaomba: mwacheni mtoto aulize kwanza kwa lugha anayofikiria, kisha mpeni neno la Kiingereza. Nawe mzazi, hata kama Kiingereza hukijui, mwambie mwanao akueleze alichosoma leo. Usipoelewa, mwambie arudie.