Usevya: Ulaya kwenye jezi, mpira kwenye vumbi

Ukitoka Mpanda kwenda kusini, barabara hupita Sitalike, hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi na kutokea Kibaoni. Usevya iko jirani, katika bonde la Mpimbwe, nchi ya mpunga na mahindi. Huku simba wa mwituni ni majirani wa kweli, lakini jioni watoto hubishana kuhusu Arsenal na Chelsea kana kwamba klabu hizo ziko kijiji cha pili.

Klabu za Ulaya hufika huku kwa kisimbuzi, simu na jezi. Zikija Tanzania zenyewe, huishia Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Julai 13, 2017, Everton iliifunga Gor Mahia ya Kenya mabao 2-1 Uwanja wa Taifa, Wayne Rooney akifunga la kwanza. Mei 2019 Sevilla ikaifunga Simba 5-4. Hata kituo cha vijana cha Kidongo Chekundu, kilichofunguliwa mwaka 2015 kwa ushirikiano na Sunderland, kiko jijini humo.

Klabu hizo zinatafuta mashabiki wapya, na shabiki ni mteja. Everton ilikuja ikiwa na jina la SportPesa kifuani, kampuni ya kubashiri. Kwa sheria ya Tanzania, aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kubashiri. Aprili 2023 klabu za Ligi Kuu ya England zilikubaliana kuondoa majina ya kampuni hizo kifuani mwa jezi baada ya msimu wa 2025/26. Lakini jezi ya mtumba huishi miaka mingi. Mtoto wa miaka minane anaweza kuendelea kutangaza mchezo asioruhusiwa kuucheza.

Kuna pia suala la usingizi. Mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa Ulaya huanza saa nne au saa tano usiku kwa saa zetu. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Akirudi kutoka kibanda umiza saa saba usiku na kuamka saa kumi na mbili kwenda shule, amelala saa tano tu. Darasani atasinzia, na mwalimu atadhani ni mvivu.

La mwisho ni ndoto yenyewe. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Mbwana Samatta alipitia African Lyon, Simba na TP Mazembe kabla ya kwenda Genk ya Ubelgiji Januari 2016, akiwa na miaka 23. Kwa hiyo mzazi, wakala akikutaka uuze mpunga ili kijana wako wa miaka 14 asajiliwe Ulaya, usitoe hata shilingi. Nenda kwanza kwenye chama cha soka cha wilaya ukaulize.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa walau dakika 60 za mazoezi kwa siku. Uwanja wa shule, hata wa vumbi, unazitosha. Mwache acheze, kisha alale mapema.