Jumba la Arusha, madai ya Tabora

Ndugu zangu, kuna jengo moja linanisumbua kichwa, na wala haliko Tabora. Hapa Kanyenye nyumba nyingi ziko chini kabisa, mwembe unazipita urefu. Jengo lenyewe ni lile ghorofa la AICC kule Arusha. Wengi wetu tunalijua kwa semina na posho (msibishe!), lakini halikujengwa kwa ajili ya mikutano. Lilijengwa liwe makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya mkataba wa 1967. Lina sehemu tatu zilizoungana: Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro.

Jumuiya ikafa 1977. Mwaka uliofuata jumba likawa kituo cha mikutano. Baadaye likapangisha Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, na humo ndimo Jean-Paul Akayesu alipokutwa na hatia Septemba 1998, hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Jumuiya mpya ilipoanza rasmi mwaka 2000 nayo ikapanga vyumba humohumo, mpangaji katika nyumba ya marehemu mwenye jina lake! Ilihamia kwake 2012, kwenye jengo lililojengwa kwa msaada wa Ujerumani.

Kwa hiyo zege lilipata kazi upesi. Watu je?

Tabora ni mji wa reli. Hapa ndipo njia inapogawanyika, moja Kigoma, nyingine Mwanza. Hadi 1977 treni hizo zilikuwa za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, lenye makao makuu Nairobi. Jumuiya ilipovunjika haikuvunjikia Arusha peke yake. Ilivunjikia pia hapa stesheni, kwenye bahasha za mishahara za mafundi, makarani na madereva wa treni. Mali na madeni viligawanywa na serikali tatu kwa makubaliano ya 1984, lakini miaka ya 2000 wastaafu wa Tanzania walikuwa bado wanadai mafao yao, mahakamani na hata barabarani Dar es Salaam. Mimi nilikuwa mtoto, nikidhani "wazee wa Afrika Mashariki" ni jina la klabu ya mpira.

Mmoja wao ni jirani yetu. Karatasi zake za kazi bado anazo, kwenye mfuko wa nailoni. Nilimuuliza kama aliwahi kuliona hilo ghorofa.

"Mjukuu wangu," alisema, "bosi wangu alikuwa Nairobi, nikaja kudai Dar es Salaam. Arusha ningefuata nini?"