Swichi Sita na Mashine ya Mama Mdogo

Mama mdogo ana mashine ya kusaga huko kwetu Tarime. Umeme umeshafika kijijini, lakini laini ni ya njia moja, na mota ya mashine ile inataka njia tatu. Basi bado anachoma dizeli. Dizeli ikipanda bei, anayelipa ni binti aliyekuja na debe la mahindi kichwani.

Ndiyo maana desa la inveta sikulisoma kwa ajili ya UE tu.

Ukiweka mahesabu pembeni, jambo lenyewe ni kupokezana. Umeme mnyoofu, wa paneli za sola au betri, una chanya na hasi, basi. Weka swichi sita, mbili kwa kila waya wa mota: moja inaunga waya kwenye chanya, nyingine kwenye hasi. Ziwashe na kuzizima kwa zamu, badiliko moja kila sehemu ya 300 ya sekunde. Nyaya tatu zitapanda na kushuka zikifuatana, mara 50 kwa sekunde, na mota itazunguka.

Ugumu uko kwenye swichi. Thairista, iliyotoka kwa General Electric ya Marekani mwaka 1957, ni kama mlango unaofunguka kwa kusukumwa kidogo, ila haufungiki mpaka watu waishe kupita. Kwenye umeme geu mkondo hufika sifuri wenyewe. Kwenye umeme mnyoofu haufiki, kwa hiyo mafundi waliweka kapasita ya kuulazimisha. Thairista moja ikichelewa kuzima huku mwenzake imeshawaka, chanya na hasi zinakutana: shoti, fyuzi kwisha habari. Siku hizi inveta za pampu za sola hutumia transista zinazozimika kwa amri, lakini zamu ni ile ile.

Najua paneli za kuzungusha kinu hazinunuliwi kwa boom. Ila wapo wanaosema sisi wa ualimu haya tuwaachie mainjinia. Sikubali. Huyo injinia atatoka darasa la nani?

Nikipangiwa shule, nitasimamisha wanafunzi sita mbele, watatu chanya, watatu hasi, wapokezane zamu kwa makofi. Kiswahili kwanza, Kiingereza cha mtihani baadaye. Wenzangu wa fizikia, jaribuni na ninyi. Kwenye madarasa hayo wamo watoto wanaobeba madebe hayo ya mahindi kila wiki.