Parabole kubwa katika malupango ya Lubumbashi

Wamama wapenzi, wengi wenu mnajua kwamba siku ya posho mchana, nikimaliza kufua na kupika, hamnikuti nyumbani. Ninatembea katika makartye nikitafuta parabole za zamani, zile kubwa zenye upana wa meta mbili hadi tatu. Kuna wanaocheka. Kuna wanaouliza kama kazi hiyo inaleta unga wa bukari. Basi, leo ninawajibu. Tutembee pamoja katika mji wetu, macho yakiwa juu ya mapaa.

Watanzania wengine huita chombo hiki ungo, kwa sababu kinafanana na ungo wa kupepetea. Sisi tunasema parabole tu. Lakini jina la ungo si baya. Mama anayepepeta anakusanya punje zilizo nzuri mahali pamoja. Parabole nayo inakusanya mawimbi dhaifu yanayotoka kwenye satelaiti, na umbo lake linayapeleka yote mahali pamoja mbele yake, pale penye kile kichwa kidogo kilichoshikwa na vyuma vitatu au vinne. Satelaiti za televizyo ziko juu ya ikweta, mbali karibu kilometa 36,000. Zamani nguvu zake zilikuwa ndogo, na ndiyo sababu ungo ulipaswa kuwa mpana.

Mambo ya kuwa na parabole nyumbani yalianzia Marekani. Mwaka 1976 mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Stanford, H. Taylor Howard, alijitengenezea ya kwake huko California, akapata picha za kituo cha HBO. Kwa kuwa hakutaka kuangalia bure, aliwatumia dola 100. Walimrudishia, wakisema wanafanya biashara na makampuni makubwa tu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1979, duka la Neiman Marcus liliweka parabole katika kitabu chake cha zawadi za Noeli kwa dola 36,500. Hiyo ilikuwa bei ya nyumba! Kisha bei ikashuka, na chombo kikaenea duniani.

Hapa kwetu, miaka ya 1990, mwenye parabole alikuwa mtu wa kutajwa: mchuuzi mkubwa, mkubwa wa kazi, hoteli, au misioni. Sisi watoto wa avenye tulijua lupango lipi linayo. Kombe la Dunia la mwaka 1998 tuliliangalia kwa jirani, kila mtoto amekuja na kiti chake, na waliokosa nafasi walisimama dirishani. Halafu zikaja dekoda zenye parabole ndogo, kwa sababu satelaiti mpya zina nguvu zaidi na mawimbi yake ni mafupi. Zile kubwa zikanyamaza. Hakuna aliyezishusha, maana kushusha ni kazi, na chombo kilikuwa na heshima ya mzee.

Basi, twende. Mimi hutembea na mtoto wa dada yangu, fundi wa radio na televizyo, ambaye ananiita mama mdogo mbele ya watu na kunibebesha ngazi tukiwa wawili. Tunaanza Makomeno, kwenye nyumba za zamani zenye miembe, mahali ambapo bado unaona bomba refu la Gécamines na mlima wake mweusi wa mabaki ya kiwanda. Toka hapo tunakwenda Kampemba na Bel-Air. Golf kuna nyumba nyingi mpya na parabole ndogo tu. Katuba na Kenya ni chache, lakini zile tulizozipata huko zilikuwa zimetunzwa kuliko zote.

Ukitaka kuzitambua, usitafute kitu kilichosimama kama kioo ukutani. Lubumbashi iko kusini mwa ikweta kwa nyuzi karibu 12 tu, kwa hiyo satelaiti ziko karibu juu ya vichwa vyetu. Parabole nyingi za hapa zimelala kama bakuli, zimeinama kidogo upande wa kaskazini. Ile iliyoinama sana upande wa magharibi ilikuwa inatazama satelaiti iliyo juu ya bahari ya Atlantiki. Ile ya mashariki ilitazama upande wa Bahari ya Hindi. Ukitembea ukiangalia hivyo, unajua kila nyumba ilikuwa inasikiliza upande gani wa dunia.

Na sasa zinafanya kazi gani? Nimeona moja iliyo kivuli cha kuku. Nimeona nyingine ya wavu ambayo mama wa nyumba anaanikia mihogo, kwa sababu upepo unapita chini na mbuzi hafiki. Nimeona boga limepanda juu yake hadi haionekani. Lakini nimeona pia jambo baya mara nyingi: parabole ya bati zima, iliyolala kama bakuli, imejaa maji ya mvua na viluwiluwi vya mbu vinacheza ndani. Wamama, tunanunua chandarua na tunafunga watoto ndani yake, kumbe kiwanda cha mbu kiko juu ya paa. Kama unayo kwako, mwambie fundi atoboe tundu dogo chini kabisa, pale maji yanaposimama. Kazi ya dakika tano.

Sasa, jinsi ya kuingia. Hatusemi na mlinzi, hatusemi na kijana aliyekaa mlangoni. Tunapiga hodi, tunasalimia, tunauliza habari za watoto, tunamwomba mama wa nyumba. Parabole inaonekana kama takataka, lakini kila moja ina mtu aliyeinunua kwa jasho, na mara nyingi mtu huyo hayupo tena.

Ndivyo ilivyokuwa Bel-Air, kabla ya mvua za mwaka jana. Tuliona moja ya wavu mweusi juu ya paa la jiko, imeegemea upande mmoja. Mama wa lupango ni mjane. Alituketisha, akatupa maji, akatueleza bila haraka. Bwana yake alipokufa, ndugu wa bwana walikuja na gari. Walibeba viti, friji, kitanda, hata mlango wa ghala. Parabole haikuingia ndani ya gari. Ndiyo iliyobaki.

Kijana wake wa miaka kumi na sita alikuwa ameshaongea na wanunuzi wa mitraye, wale wanaopita na mizani na vigari vya kusukuma. Alitaka pesa ya shule, na si jambo la kumlaumu. Nilimuuliza mama kama anataka kuiuza. Akasema, “Sijaamua, dada. Kila mtu anakuja na kilo yake.”

Kijana wetu alipanda kutazama. Kati ya buloni nne, mbili zilikuwa zimeliwa na kutu. Chini ya ile parabole ndipo watoto wanakula. Wenyewe mnajua pepo zinazotangulia mvua ya kwanza hapa kwetu. Tulimwambia ukweli: auze au asiuze, lazima ishuke kabla ya mvua. Alifikiri, akasema, “Ishusheni, mwanangu, lakini isitoke lupango.”

Kushusha kuna sheria zake, na ninaziandika kwa ajili ya wale ambao watataka kujaribu. Usipande siku ya upepo wala paa likiwa na maji. Kwanza tazama nyaya za umeme zinapita wapi, na hakikisha kwamba parabole ikianguka haitazigusa. Buloni zenye kutu zipake mafuta siku moja mbele, usizipige nyundo. Funga kamba mbili kabla ya kufungua buloni ya mwisho, watu wawili wazishike kutoka chini. Kama parabole imeungwa kwa vipande, andika namba kwa rangi nyuma ya kila kipande, ili kila kimoja kirudi mahali pake. Na usiiburute. Thamani yote ya parabole ni umbo lake. Ikikunjwa, mawimbi hayakutani tena mahali pamoja.

Ikifika chini, tunaipima kwa nyuzi mbili. Uzi mmoja unavutwa toka ukingo hadi ukingo, wa pili unaukata katikati kama msalaba. Nyuzi zikigusana polepole, parabole ni nzima. Zikiachana, imepindika. Kisha tunatafuta mahali pa kichwa: unapima upana, unauzidisha kwa wenyewe, unagawanya kwa kina cha katikati kilichozidishwa mara 16. Ile ya Bel-Air ilikuwa na upana wa sentimeta 240 na kina cha sentimeta 40. Basi 240 mara 240 ni 57,600. 40 mara 16 ni 640. Ukigawanya unapata 90. Kichwa kinakaa sentimeta 90 juu ya katikati. Kijana wa yule mama ndiye aliyefanya hesabu, kwa chaki juu ya sementi, na toka hapo sikumsikia tena akitaja mitraye.

Maana tulikuwa tumeipima pia kwa kilo. Wavu wa aluminiamu ni mwepesi sana. Pesa yake ingetosha unga wa siku chache, halafu ingeyeyushwa ikawa sufuria ya mtu mwingine. Tuliisimamisha chini, kando ya jiko, juu ya bomba lililofungwa kwa sementi. Fundi alipata kichwa cha mitumba na dekoda ya zamani. Siku ya posho ya pili picha ikatokea. Kuna vituo ambavyo bado vinarushwa bila malipo ya mwezi, na hayo mawimbi marefu yana faida moja ambayo parabole ndogo hazina: mvua kubwa haiyasumbui sana. Wakati majirani wanaona giza kwa sababu ya radi na mvua, kwa yule mama picha inaendelea. Watoto wanakuja kuangalia mpira, na binti yake anauza karanga mlangoni.

Katibu wa kikundi chetu cha likelemba alikwenda kumweleza jambo lingine, ambalo kila mmoja wetu anapaswa kulijua. Sheria ya Familia ya Kongo, ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inampa mjane haki ya kuendelea kuitumia nyumba aliyokaa na bwana yake, pamoja na vyombo vya ndani. Viti havijarudi mpaka leo. Lakini mama huyo ameshakwenda kuuliza, na hakwenda peke yake.

Si kila parabole inarudi kwenye televizyo. Moja ndogo, ya upana wa meta moja na nusu, tumeibandika karatasi ya aluminiamu ya jikoni upande wa ndani, tukaweka kishikio cha sufuria pale kichwa kilipokuwa. Jua la saa sita likipiga meta moja ya mraba lina nguvu karibu wati 1,000, kama resho ya umeme. Karatasi inapoteza sehemu yake, lakini katika miezi ya ukavu, kati ya mwezi wa tano na wa tisa, maharage yanaiva bila mbabula. Kwa mji ambao makala yake yanatoka katika pori la miombo, na pori hilo kila mwaka linakwenda mbali zaidi, hilo si jambo la mchezo. Ila sikilizeni vizuri: pale jua linapokutana panachoma mkono na panaumiza macho. Vaa miwani myeusi, simama nyuma yake, ifunike kwa kitambaa ukimaliza, na watoto wakae mbali. Zile za meta mbili na nusu msizibandike zote. Moto wake unatosha kuwasha ubao.

Wengine wamekwenda mbali kuliko sisi. Kuntunse, karibu na Accra nchini Ghana, kulikuwa na parabole ya meta 32 iliyokuwa ikibeba simu za nchi za mbali. Kazi hiyo ilipohamia kwenye nyaya zinazopita chini ya bahari, ilibaki imesimama bure. Badala ya kuikata vipande, Waghana na wenzao wa Afrika Kusini waliigeuza kuwa chombo cha kusikiliza nyota, na mwaka 2017 kikazinduliwa.

Sasa mnajua ninakokwenda siku ya posho. Mpaka leo tumeshusha saba. Tatu zinaonyesha picha, moja inapika, mbili zinangoja vichwa, na ya saba, ya mama wa Katuba, ilirudi kuwa kivuli cha kuku, kwa sababu ndivyo alivyotaka mwenyewe. Kama kuna moja kwenu au kwa jirani, tazameni kwanza mambo mawili: maji yaliyosimama ndani yake na buloni zinazoishika. Kisha, kabla mizani ya mitraye haijafika mlangoni, mwitieni mama wa nyumba aseme anataka nini.