Mkono na Lugha

Kiswahili kina kitenzi kimoja, kuandika, kwa mambo mawili ambayo ugonjwa wa ubongo unaweza kuyatenganisha: kupata maneno na herufi zake, na kuusogeza mkono ili herufi hizo zionekane kwenye karatasi. Mimi nililiona hilo katika madaftari ya babu yangu, mwalimu mstaafu mwenye ugonjwa wa Parkinson.

Mstari wake unaanza kwa herufi za kawaida, kisha zinapungua, zinabanana, hadi neno la mwisho linafanana na msafara wa siafu. Madaktari wanaita hali hiyo mikrografia. Seli za ubongo zinazotengeneza dopamini zimekufa kwa wingi, na mkono haupimi tena ukubwa wa mwendo wake. Lakini sogeza daftari karibu na macho usome: upatanisho wa ngeli uko sawa, vituo vipo, hata virejeshi ambavyo magazeti yetu huvichanganya.

Alzheimer ni habari nyingine. Mwaka 1901, mjini Frankfurt, daktari Alois Alzheimer alimwomba mgonjwa wake Auguste Deter aandike jina lake. Alijaribu kuandika « Frau », yaani Bibi, akasahau yaliyobaki. Ilibidi arudiliwe kila neno. Hapo mkono upo, lugha ndiyo inayotoroka. Kwa Kifaransa, tahajia inaweza kumfichua mgonjwa mapema: anafuata sauti na kuandika « fame » badala ya « femme ». Sisi tunaandika karibu kama tunavyotamka, kwa hiyo imla ya namna hiyo haitatuonyesha kitu. Nadhani inafaa tuchunguze upatanisho, na silabi zinazodondoka katika vitenzi virefu. Kazi hiyo ni ya kitivo chetu pia, si ya madaktari peke yao.

Maana wasiotofautisha wapo. Karani wa benki moja alimrudishia babu karatasi ya pensheni: « Papa, hii haiko sinyatire yenu. » Akamshauri aweke kidole gumba, kama wanavyofanya wasiojua kuandika. Babu alikataa, tukarudi nyumbani bila pesa.

Wiki iliyofuata nilimpigia mistari miwili iliyoachana vizuri. Mistari kama hiyo huusaidia mkono kukumbuka kimo cha herufi, walau kwa muda. Saini ya tatu ilikubaliwa. Zile mbili za kwanza karani alizichana mbele yake.