Visiwa Vinavyoelea

Watoto, katika bahari ya Pasifiki kuna watu wakaao juu ya visiwa vidogo vya matumbawe, na mabaharia husafiri mbali sana kwenda kuwaona. Lakini jimbo letu la Haut-Lomami lina visiwa vya ajabu zaidi, maana vinaelea. Viko katika ziwa Kisale, ambamo mto Lualaba unapita.

Toka Kamina nilipanda gari la moshi mpaka Bukama, kisha nikashuka mto kwa mtumbwi hata Kinkondja. Huko mvuvi mzee akanipeleka kwake ziwani. Nilipokanyaga, chini palinepa kama godoro. Mzee akacheka, akasema, "Usiogope, Baba, hapazami."

Akanieleza kazi yao. Mizizi ya mafunjo husokotana, ikawa kama mkeka mnene juu ya maji. Wavuvi hutandaza juu yake mafunjo yaliyokatwa, kisha hujenga vibanda. Mkeka huoza upande wa chini, basi sharti kuongeza juu daima. Mvivu huzama pamoja na nyumba yake.

Ujuzi huo si wa jana. Msafiri Mwingereza Cameron, aliyefika nchi ya Waluba mwaka 1874, alisimuliwa habari za watu wa visiwa hivyo, jinsi wanavyopanda migomba na kufuga mbuzi. Tena huko Sanga, kando ya ziwa lile lile, wataalamu walichimba makaburi ya kale mwaka 1957 na 1958. Walikuta vyungu vizuri na vitu vya shaba, vingine vyapata miaka elfu moja.

Usiku ule upepo ulivuma, kisiwa kikaanza kusogea. Bila kelele watu wote wakaamka, wakachomeka miti mirefu matopeni, wakafunga kamba. Hata mjukuu wa mzee, mtoto wa miaka minane, alikuwa na kamba yake.

Asubuhi nilimwuliza mtoto kama anasoma. Akajibu, "Shule iko nchi kavu, Baba. Siku za upepo siendi."

Mzee akasema, "Samaki wa siku hizi ni wadogo. Nataka huyu ajue kusoma. Lakini akienda, nani atashika kamba yake?"

Sikuwa na jibu.

Ninyi mnaofika shuleni kwa miguu, msiwacheke watu wa maji. Mwenzenu yule anajua kazi ambayo hata mwalimu wenu haijui, naye angali akingoja upepo utulie apate kwenda kusoma.