Freni Kwanza, Mbio Baadaye



Wengi wenu mnatuuliza siku za mkutano kwa nini vidole vyetu viko vyeusi hata tukishanawa. Wengine wamefikiri tumeanza kuuza makala. Hapana. Sisi ni dada wawili, mkubwa na mdogo, tunakaa lupango moja hapa Lubumbashi pamoja na watoto sita. Kila Jumamosi asubuhi tunafungua motokari chini ya muembe, sisi na kijana wetu wa miaka 18. Tumeomba nafasi katika gazeti letu tuwaeleze namna tulivyofika hapo, maana tulifika kwa njia mbaya, na hatutaki mama mwingine apite njia ile.

Motokari yenyewe ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 1998. Baba watoto aliinunua okazio. Ilitoka Japani kwa meli mpaka Dar es Salaam, ikakata Zambia, ikaingia kwa Kasumbalesa. Ukiitazama, ni motokari ya kawaida ya nyumbani, milango minne. Lakini ni ndugu ya zile za mashindano ya rally ya dunia. Subaru ilichukua taji la watengenezaji miaka mitatu mfululizo, 1995, 1996 na 1997, na katika mwaka huo wa 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally kule Kenya akiendesha Impreza. Motere yake ni ya litre 2 tu, lakini ina turbo. Turbo ni kama feni ndogo inayozungushwa na moshi unaotoka, nayo inasukumia motere hewa nyingi ili ichome esanse nyingi zaidi. Magurudumu yote manne yanavuta. Tena usukani uko kuume, na sisi Kongo tunapita upande wa kuume wa barabara. Dereva akitaka kulipita lori, haoni mbele. Anayeona ni yule aliyekaa kushoto.

Baba watoto alipopata kazi Kolwezi, alituachia funguo. Alisema: "Muichunge." Sisi tulielewa kwamba tuifungie. Kijana amekua akiisikia motokari ile tangu shule ya msingi, na sauti yake anaijua kuliko masomo yake. Alipoomba kuigusa tulikataa. "Wewe soma. Ukiiharibu, papa yako atatuuliza sisi." Alipoomba mara ya pili tulimfokea. Mara ya tatu hakuomba tena, nasi tukafikiri ameelewa.

Kumbe alikuwa anaamka usiku sisi tukiwa tumelala, anafanya kazi kwa mwanga wa simu. Alikata bomba la moshi ili sauti iwe nene. Alikata resoru ili motokari ikae chini, kama zile anazoona kwenye video. Rafiki yake alimuuzia kidude cha kuongeza presha ya turbo kwa dola 30, na pesa hiyo ilitoka katika minervali. Sisi motokari tuliitumia siku za mgonjwa na siku za matanga tu. Tuliona imeinama, tukasema ni uzee. Tulisikia inanguruma tofauti, na kila mmoja wetu alidhani mwenzake anajua sababu.

Siku moja tulikwenda kwenye matanga Likasi, kilometa kama 120. Wakati wa kurudi, mdogo alishika usukani, mkubwa akakaa kushoto na mtoto wa miaka mitatu mapajani. Kijana alikuwa nyuma pamoja na wadogo zake wawili, kimya kabisa. Lori za shaba zilikuwa nyingi. Ukanyage freni, uachie, ukanyage tena. Tulianza kusikia harufu kama ya kitambaa kinachoungua. Kisha, kwenye mteremko mmoja, mguu wa mdogo ulizama mpaka chini, na motokari ikaendelea kwenda kama vile hakuna aliyekanyaga kitu.

Mdogo alishusha gia, ya tatu, kisha ya pili, huku akivuta freni ya mkono polepole. Mkubwa akapaza sauti: "Majani, ingia kwenye majani!" Tukaingia kwenye majani, tukasimama. Mbele yetu, hatua kama kumi, wamama wawili walikuwa wanapanga mifuko ya makala. Hawakupata hata muda wa kuinuka. Mmoja akatuambia: "Mama, makala munakuja kununua kwa nguvu namna hii?" Tulicheka. Baada ya kucheka, miguu ilikataa kusimama.

Kijana alitoka, akakaa chini. Akasema: "Mama, mimi niliona. Plakete za freni ziliisha. Niliona tangu wiki mbili."

"Juu ya nini hukusema?"

"Mungeniuliza nilifungua gurudumu lini."

Wamama, neno lile lilituchoma kuliko yote ya siku ile. Alijua hatari, akaingia humo pamoja na wadogo zake, kwa sababu kusema ukweli kulimtia hofu kuliko freni zilizoisha. Hatusemi hana kosa. Kosa ni lake, na zile dola 30 alizirudisha kwa kubeba mizigo sokoni wakati wa likizo. Lakini hofu ile ilitoka nyumbani kwetu. Tulifunga mlango wa kuuliza, naye akatafuta dirisha la usiku.

Kesho yake tulitaka kuiuza motokari. Tulimpigia simu baba watoto Kolwezi. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Mukiiuza, atakwenda kufanya vilevile kwa motokari ya watu, tena usiku. Mutafute mtu wa kumfundisha mchana."

Mtaani kwetu kuna mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika atelie za Gécamines. Tulimwendea kwa heshima, tukamweleza yote, hata aibu yetu. Alikubali, lakini aliweka sharti moja: "Mimi sifundishi kijana peke yake. Nafundisha nyumba. Nanyi wamama mutavaa ovaroli." Ndiyo sababu ya vidole vyetu.

Siku ya kwanza hakugusa motere. Alisema motokari ya nguvu ina mpangilio wake: kwanza isimame, pili igeuke vizuri, tatu ipoe, na mwisho kabisa ikimbie. Mtu akianza na mbio amejenga nyumba kuanzia kwenye bati.

Tukaanza na freni. Mzee alitueleza kwamba lokidi ya freni inavuta maji kutoka hewani, kidogo kidogo, hata motokari ikiwa imelala. Ile ya DOT 4 ikiwa mpya inatakiwa kuvumilia joto la digrii 230 bila kuchemka. Ikishaingia maji inaweza kuchemka kwenye digrii 155 tu. Ikichemka inatoa mapovu, na mguu wako unaminya mapovu badala ya freni. Inafaa kuibadilisha kila miaka miwili. Yetu ilikuwa haijabadilishwa tangu motokari iingie lupangoni. Plakete nazo zilikuwa zimebaki chuma kitupu.

Kutoa hewa ndani ya freni ni kazi ya watu wawili, na hapo ndipo tulipoanza kupenda kazi hii. Mdogo alikaa kwenye usukani, kijana akalala chini na funguo. "Kanyaga!" "Nimekanyaga." "Shikilia!" Anafungua kidogo, lokidi nyeusi inatoka na mapovu, anafunga. "Achia!" Mkubwa kazi yake ilikuwa kuangalia kikopo cha juu kisikauke, maana kikikauka hewa inaingia na mnaanza upya. Tulianza upya mara mbili. Mara ya tatu kanyagio likawa gumu chini ya mguu, na mdogo akapiga kigelegele ndani ya motokari.

Baada ya freni tukatafuta resoru nzima za okazio, tukatupa zile zilizokatwa. Mzee alisema resoru iliyokatwa inaweza kuruka kutoka mahali pake kwenye shimo. Kisha tukabadilisha kuruwa ya distribisio, ule mkanda wa mpira wenye meno ulio mbele ya motere. Unabadilishwa karibu kila kilometa 100,000, na sisi hatukujua wetu ulibadilishwa lini. Ukikatika motokari ikiwa njiani, valvu na pistoni zinagongana, na motere imekwisha.

Kile kidude cha dola 30 mzee alikitoa, akamwekea kijana mkononi. "Hiki kinakupa hewa. Esanse nzuri nani atakupa?" Motere hii ilitengenezwa kwa esanse bora ya Japani. Ukiongeza presha huku unatia esanse dhaifu, inawaka kabla ya wakati wake na kupiga pistoni kama nyundo. Mara nyingi unasikia ukiwa umechelewa. Tulirudisha presha ya kiwandani, na esanse ya chupa za barabarani hatununui tena, hata tukiwa na haraka.

Miezi minne ilipita. Kijana akauliza kwa upole kama kuongeza kitu kumekatazwa kabisa. Mzee akacheka: "Sasa ndiyo uongeze." Kitu cha kwanza kuongeza kilikuwa freni kubwa zaidi za mbele, za okazio, zenye pistoni nne. Kabla ya kulipa, kijana alichora umbo lake kwenye katoni, akaikata, akaipima ndani ya rimu zetu kuona kama itaingia. Aliogopa kula pesa ya nyumba. Cha pili kilikuwa saa ya kuonyesha presha ya mafuta ya motere, kwa maana turbo inaishi kwa mafuta hayo. Tukitoka safari ndefu, tunaacha motere izunguke polepole dakika moja au mbili kabla ya kuzima, ili turbo ipoe.

Hizi ndizo sheria za chini ya muembe, kwa mama yeyote ambaye kijana wake anapenda motokari:

Hakuna mtu anayeingia chini ya motokari iliyoshikwa na kriki peke yake. Tunaweka miguu ya chuma, mahali pagumu na sawa. Mawe na matofali yanapasuka.

Watoto wadogo wanakaa upande wa jikoni mpaka vyombo virudi sandukuni. Maji ya rangi ya radiatere ni sumu, tena yana utamu mdomoni. Hatuyaweki kamwe katika chupa ya kunywa. Na kizibo cha radiatere hakifunguliwi motere ikiwa na moto.

Mafuta machafu hayamwagwi lupangoni, maana kisima kiko palepale. Tunayakusanya kwenye bidoni na kuyapeleka garaji.

Kila kazi inaandikwa katika daftari: tarehe, kilometa, kitu, bei. Na kosa pia linaandikwa.

Sheria ya mwisho ndiyo iliyokuwa ngumu kwetu sisi watu wazima. Habari mbaya inasemwa kwanza, na siku inaposemwa hakuna kufoka. Adhabu, kama ipo, inangoja kesho. Ukifungua daftari utakuta maandishi ya kijana: "Sikukaza vizuri boli za gurudumu la nyuma. Nimerudi kuzikaza." Utakuta maandishi ya mdogo: "Nimemwaga lokidi ya freni juu ya rangi, imeacha alama." Lokidi ile inakula rangi, na alama iko mpaka leo. Utakuta na ya mkubwa: "Nimechukua dola 20 za likelemba kununua vitu vya motokari bila kumwambia mdogo wangu." Kuandika mstari ule kulichukua siku tatu. Tulikuwa tumemlaumu mtoto kwa jambo ambalo nasi tulilijua kulifanya.

Motokari haijawa mpya. Inavuja mafuta kidogo upande wa kushoto, na pesa ya kufungua upande ule bado hatuna. Baba watoto akirudi mwisho wa mwezi, anasoma daftari kabla ya kula.

Juma lililopita kijana alisimama kwenye mlango wa jikoni tukiwa tunasonga bukari. "Mama, kuna habari mbaya." Tukafikiri ni motokari. Akasema: "Nimeanguka hesabu. Pointi zimetoka leo." Mdomo wa mkubwa ulifunguka kwa kufoka, mdogo akamkanyaga mguu chini ya meza. Tukamwambia akae ale. Kesho yake tulizungumza, na maneno hayakuwa matamu. Lakini alitwambia siku ileile, kwa mdomo wake, kabla jirani hajatwambia.

Mwenye kijana anayechezea motere usiku, aje Jumamosi. Aje naye, na aje na nguo za zamani.